Mbuzi wa Edo Raho Watoa Alama

Kazi yenyewe ilikuwa kuuliza tu. Boza la maji la kaunti hufika Bulla Geel mara mbili kwa wiki. Wewe Kadar, nenda na fomu zako, wananchi waseme wanaipa huduma hiyo alama ngapi, sifuri mpaka tano. Hata mtu aliyelala darasani miaka minne, kama mimi, angeiweza.

Siku mbili, nyumba ishirini na tisa, zote tano juu ya tano. Hakukuwa na mkorofi hata mmoja wa kutoa nne. Nilikaa mkekani nikiangalia barabara. Joto lilikuwa limetandaza ziwa zima pale, na boza la Jumanne, ambalo mpaka Ijumaa hiyo lilikuwa halijafika, nililiona likiogelea humo mara tatu. Kila likikaribia, linageuka ngamia.

Nikampigia msimamizi wangu, Abdihafid, aliye ofisini Garissa. Alifurahi. Kama watu wameridhika hivyo, alisema, safari moja ya boza ihamishiwe kijiji chenye alama mbovu.

Nikarudi mbio kwa edo Raho, aliyenipa tano ya kwanza. Si shangazi yangu wa damu, ila alishaninywesha chai ya maziwa mara sita, na undugu wa tumboni nao ni undugu. Mbuzi wake kumi na mmoja walikuwa wametandazika kivulini kama nguo zilizoangushwa na upepo. Nikamweleza: ukishikilia tano yako, boza linaondoka.

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue ushungi. Mgeni akikuuliza hali, alisema, unajibu nabad, yaani amani, alhamdulillahi. Kumlalamikia mtu anayekunywa chai yako ni aibu, na kulalamika kwenye karatasi ni kumnung'unikia Mungu kwa maandishi.

Nikafunga fomu. Halafu, kwa adabu tu, nikauliza mbuzi wanaendeleaje.

Hapo edo akafunguka. Habari ya mifugo haifichwi. Mwenzako anaweza kuhamisha kundi lake kwa neno lako. Adey, yule mweupe, ana siku nne hajanywa, na maziwa yamekata. Mwenye sikio lililochanika analamba mitungi mitupu. Wiki iliyopita boza lilikuja mara moja, tena nusu. Sauti yake ilitiririka polepole, joto likanilemea kope, nikawaona mbuzi wanainuka mmoja mmoja na kupanga foleni mbele yangu, wapole, kila mmoja akingoja kuulizwa. Nikaandika: jina, umri, alama.

Ikabaki sahihi.

"Edo, hapa panataka kidole chako."

"Mimi sina lalamiko."

"Wewe huna. Na hawa?"

Aliwatazama mpaka kivuli kikahama miguuni mwake. Kisha akachovya kidole kwenye wino na kukikandamiza.

"Kwa niaba yao," akasema. "Mimi niandike nimeshukuru."

Nikaandika yote mawili, kisha nikazirudia nyumba zile nyingine kuwajulia hali mbuzi. Jioni nikazipiga picha fomu zote kwa simu na kumtumia Abdihafid.

Kesho yake Abdihafid akapiga simu. Alitaka kujua huyu Adey, umri miaka mitatu, aliyetoa sifuri, ni mwananchi wa aina gani.

"Amesimama mbele yangu hapa," nikasema. "Leo ni siku ya tano hajanywa."

Nilisikia feni ya ofisini ikizunguka.

"Safari zitabaki mbili," akasema mwishowe. "Na boza la Jumanne nalituma sasa hivi. Lakini fomu hii, adeer yangu, simwonyeshi mtu."