Bata wa Eddo Maka

Kama umewahi kukaa Waberi, hapa Garissa, unapajua Kwa Bata. Kama hujawahi, tafadhali usiulize viatu. Wageni wa kutoka bara hushuka kwenye bodaboda wakitafuta duka la viatu, wakakuta kibanda cha maziwa ya ngamia cha mama anayeitwa Fatumo, na ukutani ndege ambaye hawajui kama wamsalimie au wamkimbie.

Ndege huyo alichorwa na shangazi yangu, Eddo Maka. Eddo ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita dada ya baba, na huyu wangu alikuwa mchoraji wa mabango, katika mji ambao mwanamke akipanda ngazi watu hudhani nyumba inaungua. Kazi aliiokota Habaswein, kwa kukaa kando ya fundi aliyekuwa akipamba malori na kumsumbua hadi akachoka akampa brashi. Alirudi Garissa akiwa ameachana na mume, ana mikebe ya rangi kwenye karai na suruali chini ya dera. Wazee wakamlalamikia kwamba haipendezi mwanamke kuwa juu huku wanaume wanapita chini.

"Nani amewatuma kuangalia juu?" akawauliza, akaendelea kupaka.

Kuchora alijua. Tabu ilikuwa kuandika. Eddo aliandika Kiswahili kama alivyokisema, na alikisema kama wengi wetu, P ikitoka B na V ikitoka F. Kwa hiyo mji ukapata Hoteli ya Bilau, Kinyozi Boa, na choo cha soko kilichoandikwa LIBA KWANZA. Mimi, Idman, ni mwalimu wa Kiswahili. Nilikulia chini ya mabango hayo, naomba mnihurumie.

Fatumo alipofungua kibanda chake alimwagiza aandike PATA MAZIWA HAPA. Nilikuwa kidato cha pili, natoka shuleni, nikakuta herufi kubwa nyekundu zenye vivuli vya njano, nzuri ajabu:

BATA MAZIWA HABA.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Nikamweleza Eddo, aliyekuwa bado juu ya ngazi, kwamba bata ni ndege, na haba ni kitu kidogo kisichotosha, na kwamba ametangazia Garissa nzima habari za ndege asiye na maziwa. Nikamwambia afute. Eddo akashuka, akaitazama kazi yake, kisha akanitazama mimi.

"Huyo bata anakaa aje?"

Nikamwambia: mdomo bapa, anapenda maji, anaogelea. Hakuwahi kumwona bata maishani. Ndege mkubwa aliyemjua vizuri ni korongo, wale wanaosimama jalalani kama wazee wa baraza. Akapanda tena ngazi. Kufika alasiri bata alikuwa tayari: shingo ya korongo, kifuko chini ya koo, mdomo kama mwiko wa kusongea ugali. Na kwa kuwa nilisema anaogelea, akamweka ndani ya ndoo ya maziwa, kifua mbele, mwenye furaha zake.

"Sasa hakuna kosa," akasema. "Bata ni huyo."

Mzee mmoja wa msikitini akaja kumwonya kwamba kuchora kiumbe si vizuri. Eddo akamwuliza kwa adabu kama amewahi kuona kiumbe wa namna hiyo popote. Mzee akamkagua bata, akakiri kwamba hajawahi, akanunua maziwa akaenda zake.

Eddo alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Mabango yake yalikuwa yameanza kutoweka akiwa bado hai. Barabara ilipopanuliwa, Hoteli ya Bilau ilibomolewa, na wenye maduka wengine wakahamia haya mabango ya plastiki yanayochapishwa kwa kompyuta na kupauka kabla ya Idd. Amebaki bata peke yake. Sina picha ya Eddo kwa sababu hakupenda kupigwa picha, na simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe isiyo na intaneti, kwa hiyo sina hata ujumbe mmoja wa sauti. Ukuta ule ndio mahali pekee ambapo bado anaongea. Zisome zile herufi kama zilivyo, ni yeye kabisa.

Sasa elewa hali yangu Jumamosi iliyopita, nilipoenda kununua maziwa nikamkuta fundi mgeni na ndoo ya rangi ya buluu. Jina lake Musyoka, ametumwa na kampuni moja ya sabuni inayopaka maduka bure ili iandike jina lake juu. Nusu ya ukuta ilishakuwa buluu tupu. Rangi ilikuwa imefika kwenye mkia wa bata.

"Fatumo!" nilipiga ukelele ambao mwalimu hapaswi kupiga barabarani. "Unafanya nini?"

"Abaayo, dada yangu, ukuta yangu imechakaa," akanijibu, akiendelea kumpimia mteja maziwa. "Hii rangi ni ya bure. Maka ilikuwa rafiki yangu kabla wewe uzaliwe, unasikia? Lakini mfua ikibomoa ukuta, mimi nitauza maziwa wabi? Kwa kaburi?"

Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Nikamgeukia fundi, nikamwomba amwache bata, apake pembeni yake.

Musyoka ni mtu mpole. Akasema yeye binafsi hana ubaya na huyo mnyama. Shida ni bosi wake, ambaye hataki jina la kampuni likae karibu na maandishi yaliyokosewa.

"Yamekosewa wabi?" Fatumo aliweka kipimo chini. "Mimi nasoma hii kila siku. Bata maziwa haba. Si ni hifyo? Muulize huyu, ni mwalimu ya Kiswahili."

Musyoka akanigeukia akiwa na uhakika kwamba nitamuunga mkono. Mwaka mzima mimi ni kalamu nyekundu; wanafunzi wangu wananiita Kosa. Nikavuta pumzi.

"Hakuna kosa," nikasema.

"Ati?"

"Nionyeshe lilipo. Bata ni nomino, yumo kwenye kamusi. Maziwa, nomino. Haba ni kivumishi kisichobadilika, na kimekaa panapostahili, baada ya nomino yake. Umewahi kukamua bata, fundi?"

"Hapana, mwalimu."

"Unamjua mtu aliyewahi?"

"Hapana."

"Basi maziwa ya bata ni haba. Tangazo halina kosa la sarufi wala halidanganyi mteja. Mwambie bosi wako aniletee tangazo la sabuni linalosema kweli kiasi hicho."

Fatumo alicheka hadi akaegemea mlango. Musyoka akakuna kichwa, akampigia bosi, akamweleza kwamba kuna mwalimu hapa na kwamba mwalimu ni mkali. Bosi akataka kusikia yanavyosomwa. Fundi akaninyooshea simu.

Nikasoma kwa matamshi yangu ya darasani, na aliyetoka alikuwa ndege tu, ndege mkavu wa kwenye kamusi. Fatumo akatikisa kichwa.

"Sio hifyo. Soma kama Maka."

Nikajaribu. Niliishia neno la kwanza, kwa sababu nilimsikia Eddo kabla sijamaliza kulitamka, na machozi yakanitoka mbele ya fundi wa watu. Fatumo akanitazama. Hakucheka tena. Akajifunga vizuri mtandio, akatoka hadi katikati ya barabara, akajaza kifua na kuita, vilevile Eddo alivyokuwa akiita juu ya ngazi kila alipomaliza bango, ili mji mzima ujue kuna kazi mpya:

"Bataaa maziwa habaaa!"

Ng'ambo ya barabara mwanamke mmoja mwenye mtungi wa plastiki, mpita njia tu, alisimama. Akageuka, akasubiri bodaboda ipite, akavuka kuja kwetu.

"Iko ya leo asubuhi?" akauliza.

"Iko," Fatumo akasema, akipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Njoo."