Kichwa Ndani, Miguu Nje

Wewe ulimwona. Usiniambie hukumwona. Saa moja na robo asubuhi, Jumatatu, gari lako lilikuwa nyuma ya mkokoteni wa ndoo za rangi, na ndani ya mkokoteni alikaa mtoto kuanzia kiuno kwenda juu, blauzi imepigwa pasi, nywele zimechanwa. Alikupungia mkono. Ukainama kuchezea redio mpaka mkokoteni ulipokata kona, na redio yenyewe ilikuwa imezimwa. Sasa huna pa kuinama. Soma.

Mtoto yule ni wa sita kati ya saba. Nyumbani wanamwita Kwanini, kwa sababu ndilo neno lake la kwanza na hajalitua tangu alitamke. Baba yake anachora mistari ya barabara: vivuko, maegesho, ile ya katikati inayokatikakatika. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini, na hawezi kupita penye mstari uliofifia bila vidole kumwasha. Mama yake anashona sare. Kwa miaka kumi na mmoja ameishonea shule moja nzuri, anavijua vifua na viuno vya watoto wa pale wote, na hakuna hata mmoja aliyemzaa yeye.

Walikuwa wakikaa vyumba viwili, watu tisa. Asubuhi kulikuwa na beseni moja na foleni, na aliyekuwa wa mwisho alinawa povu la wenzake. Wakubwa watano walisoma shule ya jirani, watoto mia na thelathini kwa mwalimu mmoja. Uwanja wa shule hiyo uliuzwa. Nakumbuka mwaka, nakumbuka na mkono ulioshika kalamu. Leo wanaoshea magari pale.

Ile shule nzuri hupokea wageni darasa la kwanza tu, na watoto wa eneo lake tu. Wakubwa walikuwa wamekwishapitwa, wa saba alikuwa anatambaa. Kwanini alikuwa na umri kamili. Akikosa mwaka ule, amekosa moja kwa moja.

"Tuhame," mama alisema, sindano mdomoni.

"Tuhamie wapi na kikosi hiki?"

"Penye shule na kodi ya binadamu. Mtafute dalali."

Dalali alikuwa mtu wa maneno mengi na viatu vyenye ncha. Jumapili ya kwanza aliwapeleka kitongoji cha kodi nafuu. Shule ilikuwa bango: SHULE INAJENGWA HAPA. Lilikuwa na miaka tisa. Kila asubuhi watoto wa pale walipanga mistari mbele ya bango, wakaimba, wakasimama hadi saa nane, wakarudi nyumbani. Wengine walikuwa wamemaliza darasa la saba mbele ya bango hilo na kufaulu vizuri, ila hawakujua kusoma.

Jumapili ya pili aliwapeleka kwenye nyumba yenye bustani. Mwenye nyumba alisimama mlangoni akihesabu watoto wakiingia. Kila mtoto alipovuka kizingiti, dari ilishuka shubiri moja. Wa tano alipoingia, dalali alikuwa amepiga magoti.

"Ina hewa nzuri sana," alisema, shavu likigusa zulia.

"Inatubana," mama alisema.

"Inawabana nyinyi, shemeji. Wenye watoto wawili wanasema ni pana mno."

Jumapili ya tatu walipata vyumba vitatu, sebule na jiko, dirisha kila chumba, bei wanayoiweza. Kutoka kibarazani uliona paa la shule nzuri. Mama alizunguka akigonga kuta kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Kasoro yake nini?" aliuliza.

"Kasoro gani, shemeji! Labda mpaka wa shule. Unapita hapo nje ya ukuta. Huwa unatembea kidogo."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Inategemea na familia," alisema dalali, akatazama viatu vyake.

Wakahamia. Jumatatu mama akaenda kuandikisha. Karani wa uandikishaji alikuwa mwanamke mpole, utepe wa kupimia shingoni. Fomu ilikuwa na nafasi tatu za kujaza watoto wa nyumbani. Mama alijaza tatu, akageuza karatasi, akawaandika wanne nyuma yake kwa mwandiko mzuri.

"Mama, nafasi ni tatu."

"Na watoto ni saba, dada yangu."

"Naona," alisema karani, akapiga muhuri. "Ijumaa saa mbili nitakuja kupima. Mtoto ni wa mahali kilipo kitanda chake."

Siku ya pili yake, wakiwa wanakula chakula cha mchana, mpaka ukaingia. Ulikuwa mstari mweupe, upana wa kiganja, hauna sauti. Ulipanda ngazi ya kibaraza, ukapita chini ya mlango, ukakata sebule kuelekea chumba cha watoto. Mama alimwinua mdogo asiukalie. Baba aliinama akaugusa.

"Chokaa ya ndani hii," alisema. "Mvua moja tu inaondoka. Nani aliwapa hawa kazi?"

Jirani yao, mkunga mstaafu, alichungulia dirishani.

"Umefika? Kwangu ulipita nilipojifungua wa nne. Msiufagie, unakasirika. Na msihangaike kuuita majina, nilishayamaliza yote."

Walihamisha kitanda cha Kwanini kutoka chumbani kwenda sebuleni. Kabla ya kumaliza kutandika, mstari uligeuka ukaja. Wakakipeleka jikoni. Ukaja jikoni, ukapita kati ya masufuria bila kuangusha kifuniko. Jumatano nzima kitanda kilizunguka nyumba kimebebwa na ndugu watano, Kwanini amelala juu yake na kitabu cha picha, mstari nyuma.

"Baba, kwa nini unanifuata mimi?"

"Haukufuati wewe, mwanangu. Unatufuata sote tisa. Wewe ndiye uliye mbele."

Alhamisi asubuhi baba alirudi mara moja kutoka kazini na koni nne za rangi ya chungwa, zile za kuzuia magari rangi ikiwa mbichi. Alizipanga kuzunguka kitanda. Mstari ulifika kwenye koni ya kwanza, ukasimama.

"Una heshima ya kazi," alisema. "Wengine wenye magari hawana."

Kitanda chote kilikuwa ndani ya eneo la shule. Wakala kwa utulivu. Kisha baba akachukua ndoo yake ya rangi na brashi, akaufuata mstari nyuma nyuma kutazama unakoanzia, maana kila mstari umeanzishwa na mtu. Ulipita duka la dawa, ukapita geti la shule, ukaingia chumba cha mikutano. Kamati ya wazazi ilikuwa imekaa, chai mezani. Mstari ulitoka chini ya kiti cha mwenyekiti. Kila mjumbe aliposema "hadhi ya mtaa wetu," ulisogea mbele kidogo, kama uzi unaotoka kwenye kibiringo cha cherehani. Baba alisimama pale dakika kumi, na kwa dakika hizo ulisogea mita sita.

"Karibu, fundi," alisema mwenyekiti. "Umekuja kwa yale maegesho yetu?"

Baba alitazama ovaroli yake, ndoo yake, brashi yake. Alikuwa na la kusema. Alilipanga njia nzima. Lakini mtu akikuita fundi mbele ya watu saba wanaokunywa chai, koo hugeuka kuwa la fundi.

"Ndiyo, mzee," alisema. Akawachorea maegesho saba, yamenyooka vizuri sana.

Wewe ulikaa kiti cha tatu kutoka dirishani. Ulisema yamependeza.

Ijumaa saa moja na nusu koni zilitakiwa kazini, zimeandikwa kwenye daftari la stoo. Baba akaziondoa. Mstari haukupoteza muda. Uliingia chini ya kitanda, ukapanda miguu yake, ukapita juu ya godoro, na usawa wa kiuno cha mtoto ukatulia, umepauka kwa sababu ya safari ndefu. Kwanini alikuwa amelala chali amenyooka, kama alivyoagizwa, anamsubiri karani.

"Sogezeni kitanda!" mama alisema kutoka jikoni. "Wakubwa, shikeni kitanda!"

Lakini baba alikuwa ameinama. Miaka ishirini ilikuwa imeinama naye. Mstari umefifia, rangi ipo, brashi ipo. Mkono ukachovya wenyewe. Alipaka sakafuni, akapaka miguu ya kitanda, akapaka shuka, akarudia mara ya pili kwa uangalifu pembeni, na alipoinuka kuutazama kwa jicho moja, kama anavyofanya kazini, ulikuwa mstari bora kuliko yote aliyowahi kuchora.

"Baba watoto," mama alisema mlangoni, pole pole. "Umeukoleza?"

"Ulikuwa umefifia."

Rangi ya barabarani hukauka kwa robo saa. Kitanda kiliganda sakafuni na mstari ukaganda kitandani. Ndugu watano walivuta, wakavuta tena. Mkunga mstaafu alikuja akavuta naye, akatoa ushauri wa kitaalamu wa kusukuma. Karani akabisha hodi.

"Kunja miguu, mwanangu," mama alinong'ona.

"Kanuni inasema mtoto aliyenyooka," alisema karani kwa upole, akafungua utepe. Alipima mara mbili, asije akamdhulumu mtu. Akaandika: Kichwa hadi kiuno, ndani. Kiuno hadi vidole, nje.

"Sasa ndiyo nini?" mama aliuliza.

"Amepokelewa, mama. Kwa kadiri alivyo ndani. Hongereni."

Kamati ilipitisha bila kupinga. Mwenyekiti alisema wamekuwa wakilaumiwa kwamba hawazijali familia kubwa, na huu ni mwanzo mzuri. Wewe uliunyoosha mkono.

Mama alikata vitambaa Jumamosi. Blauzi ya shule nzuri alikuwa ameishona mara elfu, mikono iliijua. Safari hii alirudia kola mara tatu. Sketi ilikuwa ya shule ya zamani, ile ya mia na thelathini. Katikati alishona kulabu kumi na mbili, imara, za kufungua na kufunga haraka.

Jumatatu saa moja Kwanini aliachana na miguu yake pale kwenye mstari. Haikuuma. Nusu ya juu iliingia kwenye mkokoteni wa baba. Nusu ya chini iliondoka na ndugu zake, na kwa kuwa haina macho, dada mkubwa aliishika soksi wakati wa kuvuka barabara.

"Mbona miguu imefunga kamba vibaya?" mama aliita.

"Haisikii!" dada alijibu. "Masikio yameenda na mkokoteni!"

Mambo yalikwenda. Shule ya zamani miguu iliandikishwa namba mia na thelathini na moja. Mwalimu aliishukuru. Haikupiga kelele, haikuomba ruhusa kwenda nje, haikuchelewa. Mwisho wa muhula ilikuwa ya tatu darasani. Shule nzuri, nusu nyingine ilijua kusoma katika wiki ya tano. Iliuliza kwa nini shule moja ina madirisha na nyingine ina matundu, na mwalimu akasema hilo litafundishwa darasa la nane. Saa nane na nusu walikutana nyumbani, mama akafunga kulabu kumi na mbili, Kwanini akazunguka nyumba mara moja kujaribu, akaomba uji.

"Miguu ilisoma nini leo?" baba aliuliza.

"Sijui. Inaniwasha hapa chini, nadhani ni kuhesabu."

Watu wa mtaa walizoea. Ulizoea na wewe. Kitanda bado kimeganda, baba ameupaka mstari mara mbili tangu hapo, kwa sababu ya watoto kuukanyaga, na mama hamsemeshi kila anapoupaka, kisha anamsemesha.

Jambo moja tu. Shule nzuri ina uwanja. Nyasi zimekatwa, magoli yana nyavu. Jumatano saa tano watoto hutoka kucheza, na Kwanini huwekwa kwenye benchi kuandika idadi ya magoli. Anaandika vizuri kuliko wote. Wiki iliyopita mpira ulitoka nje ukaja ukasimama mbele yake, karibu kabisa. Watoto wakapiga kelele, "Piga! Piga!"

Aliutazama ule mpira.

Saa hiyo hiyo, upande wa pili wa mji, chini ya dawati, katikati ya mia na thelathini wengine, mguu wa kulia ulirusha teke. Uligonga ubao wa dawati, ubao ukapasuka. Mwalimu akaitoa miguu nje, isimame mahali ulipokuwa uwanja, wanapooshea magari. Iliposimama pale, maji ya sabuni yalipita kati ya viatu vyake.

Alipofika nyumbani na kufungwa kulabu, Kwanini aliangalia soksi zilizolowa, akauliza swali lake. Mama aliendelea kushona. Baba aliendelea kuosha brashi. Mkunga mstaafu, aliyekuja kuazima chumvi, alisema chumvi si lazima sana, akaondoka.

Karani ana fomu mpya kumi na nne mezani, zote zimeandikwa mpaka nyuma. Kamati imependezwa na matokeo. Inataka wote wapokelewe kwa vipimo hivyo hivyo, na kwa mtoto wa nane na kuendelea inafikiria kichwa peke yake. Inakaa kesho saa nne asubuhi. Mstari unaanzia chini ya kiti cha mwenyekiti, nimekwisha kukuonyesha, na kiti si kizito, watu wawili wanakiinua. Mmoja ni yule fundi wa ovaroli, na safari hii hatabeba brashi.

Funga kitabu. Vaa viatu. Wewe miguu unayo.