Baba Yuko Kalemie

Rozalia hakuwa mwongo. Wanunuzi wake wa dagaa pale Katonga, Kigoma, watakuambia: hata mchanga ukiingia kwenye fungu, anautaja mwenyewe kabla hujauona. Lakini uongo mmoja aliulea mwaka mzima, kwamba mumewe Adolf yuko Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kwenye shughuli za mitumbwi.

Adolf alikuwa gerezani, hapa hapa mjini. Aligombana na mvuvi mwenzake, akampiga kasia na kumvunja mkono, akafungwa miaka miwili. Mtaa mzima ulijua, na kwa kumwonea huruma Rozalia, mtaa mzima ukaitikia: Kalemie.

Sasa binti yao Esther, mwenye stashahada ya sheria, alikuwa ameomba kazi ya uaskari magereza. Ziliposikika habari kwamba afande anapita kuchunguza familia za waombaji, Rozalia alizunguka nyumba kwa nyumba. "Jamani, akiuliza, mnajua la kusema. Msiniharibie mtoto."

Hawakumwangusha, maskini, walizidisha tu. Fundi cherehani alisema Adolf yuko Kalemie, mtu mwema, hana makuu. Muuza mihogo akasema hivyo hivyo, mpaka hilo la "hana makuu". Mzee Hamdani, ambaye hata hakuulizwa, alimkimbilia afande njiani amweleze. Watu wa ajabu sisi! Tukimpenda mtu hatujui pa kuishia.

Afande Bonaventura alipofika kwa Rozalia alikuwa ameshafunga daftari. Akamgeukia Esther.

"Binti, baba yako yuko wapi?"

Rozalia alimkazia macho mwanawe.

"Yuko gerezani, afande. Amebakiza mwaka. Namtembelea kila Jumapili. Kuna askari pale anamfundisha baba kusoma. Nilipomwona ndipo nami nikaitaka kazi hii."

Rozalia akakaa juu ya gunia la dagaa. Miaka yote ile ya chuo imepotea, aliwaza, na aliyeipoteza ni mimi na mdomo wangu. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Hukumu ya baba yako ninayo ofisini tangu wiki iliyopita," afande alisema, akifungua daftari tena. "Nilitumwa kukuchunguza wewe, si yeye. Nitaandika nilichosikia, wakubwa wataamua. Ila ujue, ukipata kazi hupangwi kwenye gereza la baba yako. Unaweza kupelekwa mbali sana na Kigoma."

"Nimekubali, afande."

Afande aliaga akaondoka. Rozalia alibaki pale juu ya gunia. Kwa mwaka mzima hakukanyaga gerezani, asije akaonwa getini na kikapu cha chakula. Esther akienda mbali, Adolf ataletewa chakula na nani?

"Mwanangu," akasema taratibu, "Jumapili wanafungua saa ngapi?"

"Saa tatu, mama." Esther alikaa karibu naye, akamshika mkono. "Kila nikienda anakuulizia. Namwambia unaumwa mguu."