Mstari Ulionyooka

Kapteni hakuwa nahodha wa chochote. Alikuwa na duka la matairi, na jina hilo alibandikwa na shemeji yake siku aliponunua boti ndogo ya injini na kuja kuitambia ukweni akiwa na kofia nyeupe kichwani. Jina likamganda. Hata mkewe, mpima ardhi kwa kazi na mtu asiyependa utani mwingi, akajikuta anamwita hivyo hivyo.

Shemeji mwenyewe, mdogo wa huyo mkewe, walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Alizama ziwani Jumapili moja, akiwa na Kapteni, na tangu hapo boti ilikaa miaka mitatu chini ya turubai.

Maelezo ya Kapteni yalijulikana na ukoo mzima. Walikuwa wanarudi kutoka kisiwa cha mawe walikokwenda kuvua, wimbi likaipiga boti ubavuni, na Kitinda aliyekuwa amekaa nyuma akaanguka. Kapteni akageuza boti, akazunguka akimwita kwa masaa mawili, mpaka mafuta yakawa yanaelekea kwisha, ndipo akarudi gatini kuomba msaada. Mwili ulipatikana siku ya tatu, ukiwa bado ndani ya jaketi la kuokolea. Msibani mama mkwe alimshika Kapteni mikono yote miwili mbele za watu. "Umemhangaikia mwanangu mpaka mwisho," alimwambia. "Kuanzia leo wewe ndiye mwanangu." Na kweli, tangu siku ile, kipande kizuri cha nyama mezani kwake kilikuwa cha Kapteni.

Mwaka huu Kapteni alianza kusema anataka kurudi majini. Mkewe alikubali kwa shingo upande, na kwa sharti moja: vifaa vyote vya kuongozea boti viwe vipya, na atavichagua yeye.

"Sawa," alisema Kapteni. "Ile mashine ya zamani ya ramani itupe tu. Imekufa."

Hakuitupa. Kwa mpima ardhi, kutupa mashine yenye vipimo ndani yake ni sawa na kuchana daftari la kazi. Aliifunga kwenye taulo, akaenda nayo kwa fundi wa vifaa vya boti.

Fundi alikuwa mtu mnene, miwani imepanda kwenye paji la uso, meza yake imejaa nyaya na vikombe vya chai iliyopoa. Hakukimbilia kuuza.

"Kwanza nieleze. Mnakwenda umbali gani, mko wangapi, na nani anashika usukani?"

Alimweleza: boti ya futi kumi na nane, watu wawili au watatu, asubuhi wanatoka, jioni wamerudi.

"Basi rada isahau. Itakula betri bure." Akachukua skrini mbili za ramani, akamtoa nazo mpaka mlangoni penye jua. Moja ilionyesha ramani vizuri tu. Nyingine iligeuka nyeusi, mpima ardhi akaiona sura yake mwenyewe ndani yake. "Hii ni ya kujipodolea," alisema fundi. "Ila ndiyo wanayoipenda, kwa sababu ni kubwa."

Mteja wake alicheka, mara ya kwanza wiki ile. Wakachagua ndogo inayosomeka juani. Wakachagua kipima kina, kwa sababu karibu na kisiwa kulikuwa na miamba, na redio yenye kitufe chekundu cha kuombea msaada. Kisha fundi akafungua kiboksi chenye bangili za mpira.

"Kila mtu anavaa yake. Ukianguka majini, injini inazimika yenyewe, na skrini inaweka alama pale pale ulipoangukia."

Mpima ardhi aliishika bangili muda mrefu. "Hizi zilikuwepo miaka mitatu iliyopita?"

"Zilikuwepo," alisema fundi, na alipomtazama usoni akatamani angenyamaza. Akaivuta ile mashine ya zamani. "Ngoja nione kama naweza kukuhamishia alama zenu za zamani."

Mashine haikuwa imekufa. Fyuzi ilikuwa imeungua, basi. Fundi alibadilisha, akaunganisha betri, na skrini ikawaka. Juu ya bluu ya ziwa kulikuwa na mistari ya safari zote ambazo boti iliwahi kwenda, kila mmoja na tarehe yake na saa zake. Fundi alimwachia kiti, akaenda kumsikiliza mteja mwingine.

Hakuwa na haja ya kufundishwa kusoma. Alitafuta tarehe ile. Mstari ulitoka gatini asubuhi, ukafika kisiwani, ukakaa. Saa tisa na dakika nane alasiri uliondoka. Alijiandaa moyo kuona mahali utakapoanza kuzunguka, kwa sababu hapo ndipo mdogo wake alipoachana na dunia.

Mstari haukuzunguka popote. Ulikwenda moja kwa moja mpaka gatini, mwendo ule ule, umenyooka kama mpaka wa kiwanja. Saa kumi kasoro dakika saba boti ilikuwa imefika. Baada ya hapo vinukta vilirundikana mahali pamoja, dakika baada ya dakika, mpaka saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na mbili ndiyo saa polisi walipopigiwa simu. Hilo alilijua, karatasi ya polisi aliisoma mara nyingi mno.

Alirudia kusoma, akitafuta kosa la kifaa, jinsi anavyofanya kazini vipimo vinapokataa kulingana. Hakuliona. Alimwambia fundi asiagize chochote kwanza, akabeba mashine, akaenda moja kwa moja kwenye duka la matairi.

Kapteni alikuwa kwenye kijiofisi cha nyuma, anaandika risiti. Aliona kilichomo ndani ya taulo, kalamu ikasimama.

"Ulisema ulizunguka masaa mawili," alisema mkewe.

"Funga mlango."

Aliufunga. Akabaki amesimama.

"Sikujua ameanguka," alisema Kapteni. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma kitu alichokwisha kukikariri. "Injini ilikuwa inanguruma, na mimi natazama mbele. Nimefika, nimefunga kamba, namwambia nishushie boksi. Nageuka, hakuna mtu."

"Saa kumi kasoro."

"Ndiyo."

"Mpaka saa kumi na mbili ulikuwa unafanya nini?"

Kapteni aliangalia mikono yake. "Tulikunywa kule kisiwani. Mimi nilikunywa zaidi. Nikajua nikiita polisi na harufu ile nimekwisha. Nikanawa, nikanywa maji, nikajiambia ngoja kidogo, Kitinda anaogelea vizuri, atatokea. Kila nikisema sasa napiga simu, nasema tena dakika kumi."

"Alikuwa na jaketi."

"Najua."

"Alikuwa anaelea."

"Najua. Hakuna siku sijui."

Mkewe alitegemea hasira zitampanda, apige meza, apasue kitu. Hazikuja. Alijisikia mchovu tu, kama aliyetembea kwa miguu siku nzima kwenye mashamba ya watu. Nje mtu alikuwa anagonga rimu kwa nyundo.

"Mama atasikia kutoka kinywani mwako," alisema mwishowe. "Leo. Na polisi baada yake."

Mama alikuwa anakunja nguo sebuleni walipofika. Alimwona mkwewe anasita mlangoni, akamwambia, "Pita, mwanangu, mbona kama mgeni?" Kapteni alipiga magoti kabla ya kufika kwenye kiti. Alisema yote, pamoja na pombe, pamoja na dakika kumi kumi zile. Hakujitetea, na hilo mkewe alimhesabia kuwa jema, ingawa lilikuwa dogo.

Mama hakulia. Alimaliza kukunja shuka aliyokuwa ameishika, akailaza juu ya nyingine.

"Nenda," alimwambia. "Usiniite mama tena."

Kapteni alienda polisi jioni ile ile na kubadilisha maelezo yake. Kesi ilifunguliwa na bado inasubiri kupangiwa tarehe. Analala kwenye kijiofisi cha duka. Boti iko pale pale. Hakuna aliyeigusa, na fundi ameambiwa aifute ile oda.

Mpima ardhi alihamia kwa mama yake kwa muda, akasema wiki moja, na sasa ni mwezi wa pili. Hajui kama ana mume. Simu ya Kapteni huita mchana, yeye huiacha iite, na siku moja moja huipokea na kusikiliza bila kusema neno.

Mama haulizi kuhusu ndoa. Asubuhi moja tu, wakinywa chai, aliweka kikombe chini akatazama dirishani.

"Kwa hiyo aliita," alisema.

Binti yake alijua anamsema Kitinda, pale majini, boti ikimwacha. "Nadhani aliita, mama."

Mama alitikisa kichwa polepole, akamsogezea mkate, akamwambia ale, atachelewa kazini.