Mtungi Unaonyonya

Dada alifariki Jumanne, saa nne asubuhi, na mdogo wake hakupokea simu. Si kwamba hakuisikia. Alikuwa stoo ya makumbusho, amekamata kipande cha mdomo wa chungu alichokipaka gundi, na gundi ile hutaka kushikwa dakika kumi bila kutikisika. Simu ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Wenzake walishamzoea, ndiyo maana walimwita Gundi. Alipokiachia kipande na kupiga, binti wa dada yake alisema, "Mjomba, njoo," na sauti yake ikamaliza yaliyobaki.

Presha ilimwangusha dada kazini, kwenye zahanati aliyoifagia na kuipiga deki miaka ishirini na miwili. Mama yao alipokufa, dada ndiye aliyeacha shule ili Gundi aendelee. Hakuwahi kumkumbusha. Gundi alikuwa na mvi kichwa kizima, lakini kwa dada alibaki "mdogo wangu", na watu wa zahanati wote walijua kwamba mdogo wake hufanya kazi na vitu vya kale, tena amevaa koti jeupe kama daktari.

Wiki mbili baada ya mazishi alikwenda kumsaidia binti kuondoa vyombo, maana nyumba ilikuwa ya kupanga. Binti alikuwa msusi, mwenye mikono myembamba na maneno machache. Walifunga nguo, wakafunga sufuria, wakatoka uani. Pale karibu na bomba ulikuwepo ule mtungi, umepandwa mshubiri.

"Na mtoto naye?" binti akauliza. "Anakwenda na nani?"

Aliuita mtungi hivyo kwa mazoea tu. Jina hilo alilitoa Gundi mwenyewe.

Mwaka mmoja nyuma, Jumapili, ukoo mzima ukiwa mezani kwa dada, dada aliuleta mtungi ule amebeba kwa mikono miwili. "Nimemtoa duka la mitumba," alisema, "alikuwa amefichwa nyuma ya mapazia. Mtu mzima huyu. Hebu mwangalie, mdogo wangu, uniambie ana miaka mingapi."

Gundi hakuweka hata kijiko chini. Aliupindua kwa mkono mmoja, akatazama kitako. Kilikuwa safi, chenye mikwaruzo myembamba iliyoelekea upande mmoja. Alizijua hila hizo. Walaghai huchukua mtungi mpya wakausugua kwa chuma ili uonekane umechakaa. Chombo kilichochakaa chenyewe hukwaruzika ovyo ovyo, huku na huku.

"Dada, wamekuuzia upepo," alisema. "Mtungi huu bado unanyonya."

Meza nzima ilicheka. Shemeji mmoja akasema basi ufungwe nepi, usije ukachafua kitambaa. Dada alicheka nao, amefunika mdomo kwa mtandio. Tangu siku hiyo hakuna aliyekutana naye bila kumuuliza mtoto ameshaota meno, na yeye akawa anajibu, "Bado, anasumbua usiku."

Hayo kila mtu aliyajua. Yaliyofuata aliyajua Gundi peke yake, au ndivyo alivyodhani. Mwezi mmoja baadaye mlinzi wa lango alimpigia: "Kuna mama hapa, ana furushi la shuka. Anasema ni dada yako, anaomba uuangalie tena mtungi kwa kile kioo cha kukuzia." Siku hiyo stoo ilikuwa na wageni, na bosi alikuwa amesimama palepale. Gundi alisogea dirishani, akamwona dada chini, amevaa viatu vyake vya plastiki vya kupigia deki, amekumbatia furushi.

"Mwambie niko kikaoni," alisema.

Jumapili iliyofuata alimkuta amejaza mtungi udongo na kupanda mshubiri. Hakuuliza, na dada hakusema.

Sasa alichuchumaa pale uani, akaulaza mtungi ubavu, akaung'oa mshubiri taratibu. Mizizi ilitoka na udongo wote. Aliusuuza ndani kwa maji ya bomba, akauinua juani, na mkono wake ukasita. Kwa ndani, chini ya mabega ya mtungi, mahali ambapo kitambaa hakifiki, palikuwa na utando mweupe mgumu, tabaka juu ya tabaka, ule unaoachwa na maji ya kunywa yakikaa humo miaka na miaka. Mdomo nao ulikuwa umelika upande mmoja, laini, pale kata ilipokuwa ikipita kila siku. Mambo haya hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeyaona. Yeye hakuyaona kwa sababu aliishia kwenye kitako.

"Ulikuwa hivi hivi mlipoununua?" aliuliza. "Na mikwaruzo hii?"

"Wapi. Kule chini ulikuwa mweusi tii, umeganda masizi na sijui nini. Mama aliusugua kwa zile nyuzi za chuma za sufuria, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nikamwambia, si umpelekee hivyo hivyo? Akasema, mdogo wangu anashika vitu vya maana, siwezi kumwekea uchafu mkononi."

Gundi alikaa chini, juu ya saruji yenye maji. Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wake alikuja akiwa ameshaota meno yote. Miaka thelathini amekuwa akijua mkono wa mlaghai unavyosugua. Hakuwahi kujiuliza mkono wa dada yake unasuguaje.

"Mjomba, suruali inalowa."

"Huu mtungi ni wa kale," alisema. "Umetumika kabla bibi yetu hajazaliwa, labda kabla ya mama yake. Mama yako alisema kweli."

Binti aliutazama mtungi, kisha akamtazama yeye. Hakutabasamu.

"Ungemwambia," alisema.

"Nisingeweza. Sikuuangalia." Akaufuta mtungi maji kwa kiganja. "Na alikuja kazini nimwangalizie tena. Nilikuwepo. Nikamtuma mlinzi aseme niko kikaoni."

Alisubiri atukanwe. Angependa atukanwe. Binti aliokota mshubiri, akaukung'uta mizizi kwa uangalifu kama anayechambua nywele za mteja.

"Najua siku hiyo," alisema mwishowe. "Alirudi nikiwa napika. Akasema, mdogo wangu amekonda, nimemwona dirishani. Akasema nikupelekee chakula siku moja moja, huenda kazi zimekuzidi."

"Hakusema lingine?"

"Hakusema. Nilikuletea ndizi, hukumbuki?"

Alikumbuka. Alikula ndizi zile kwenye meza ya kazi, amesimama, akiendelea na kazi.

Kisha akasema angeuchukua mtungi, auandikie vizuri, uwekwe kwenye kabati la vioo makumbusho, na chini yake liandikwe jina la dada, aliyeutambua. Aliyasema haraka, kama mtu anayelipa.

"Hapana, Mjomba," binti akajibu. "Huko ndiko alikoachwa langoni. Huu nabaki nao mimi. Wewe kawaambie wale waliokuwa mezani."

Mtungi uko saluni kwa binti, kwenye rafu karibu na kioo, hauna udongo wala maji. Ndugu wakija kusuka na kuuliza kama ndiye yule mtoto, binti hawajibu. Huwapa simu wampigie mjomba wake. Gundi hupokea hata akiwa na gundi mkononi, akawaeleza tangu mwanzo, pamoja na habari ya dirishani. Mpaka sasa amewaeleza saba. Wamebaki wanne.