Karai Lisilojua Sabuni

Mkwe wangu anapikia mizani. Simsengenyi, nimeiona kwa macho yangu: mizani ndogo, ya kupimia dawa, imekaa jikoni kando ya chumvi. Kazi yake ni duka la dawa, na tangu aolewe na mwanangu anaamini hata kitunguu kina dozi. Ukimwambia atie chumvi kiasi, anakutazama kwa upole na kuuliza, "Gramu ngapi, Mama?"

Mimi nimesimama mbele ya moto wa mkahawa wa Kichina miaka ishirini na miwili. Mabosi wamebadilika mara tatu, wapishi vijana wamekuja wakijipiga kifua na kuondoka wakipuliza vidole, mimi nipo, na karai langu la chuma ni lile lile. Sisi watu wa karai tuna mwiko mmoja: karai halionji sabuni. Linasuguliwa kwa brashi na maji ya moto, linarudishwa motoni likauke, linapakwa mafuta, basi. Ule weusi wake ndio ladha. Ukiutoa, umefuta miaka yako yote ya kazi, uanze upya na wanagenzi.

Sasa Jumamosi moja niliitwa mimi, kwenda kumfundisha mwenye mizani kukaanga tambi. Na si tambi za watu wote. Tambi zisizo na ngano.

Mjukuu wangu ana miaka tisa. Namwita Sindano kwa wembamba wake. Daktari alimpima damu, akamwingiza mpira mwembamba wenye kamera tumboni, akasema utumbo wake unaumizwa na kitu kilichomo kwenye ngano, kinaitwa gluteni, na asikiguse hata kidogo. Tangu hapo mkwe alifunga mipaka. Mkate marufuku, biskuti marufuku, na kwangu marufuku, eti jikoni kwangu unga unaelea hewani. Mwaka mzima mtoto hajalala nyumbani kwangu. Nami kila nikisikia hiyo "hata kidogo" nilikuwa nacheka moyoni. Mteja wa namna hiyo namjua: anabinua mdomo akikataa tambi, kisha anadokoa kwenye sahani ya mwenzake.

Lakini mkwe alikuwa ametoa ahadi. Chakula cha siku hiyo kikipita salama, Sindano atakuja kukaa kwangu likizo nzima, wiki tatu. Kwa wiki tatu hizo ningevumilia hata mizani kumi.

Nilifika saa nne asubuhi, karai langu mfukoni. Mwanangu alikuwa zamu, kazini. Mkwe alinipokea mzigo kwa mikono miwili, adabu anazo, sikatai, kisha akanionyesha kikaango alichonunua kwa ajili ya siku hiyo. Kipya, chekundu, chepesi.

"Hiki cha kufunikia sufuria?" nikamuuliza.

"Cha kukaangia, Mama. Hakijawahi kugusa ngano."

"Wala hakitawahi kugusa moto wa maana. Kirudishe kwenye boksi lake."

Akautazama mzigo wangu. "Na hilo karai lako, Mama... ni safi?"

"Safi kuliko sahani zako."

Sindano, aliyekuwa amepanda juu ya stuli ili aone vizuri, akaangua kicheko. Mama yake hakucheka; akakirudisha kikaango kwenye boksi, maana yeye si wa kumuuliza mama mkwe jambo mara mbili. Hilo nililitegemea.

Pakiti ya tambi za mchele ilisema zichemshwe dakika nane. Aliyeandika hivyo hajawahi kuzila. Tambi za mchele hazichemshwi, zinalowekwa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka zikubali kukunjwa bila kukatika, la sivyo zikifika kwenye moto zinageuka uji. Nilimwambia azijaribu kwa kidole. Yeye akaweka saa ya simu.

Sosi ya soya ilikuwa kwenye kichupa kidogo kama cha dawa ya macho.

"Ile ya kawaida ina ngano ndani, Mama," alinieleza. "Imeandikwa."

Miaka ishirini na miwili naimwaga na sijawahi kusoma maandishi yake. Nilimkasirikia kwa kunifundisha kitu, nikajifanya nilikuwa nakijua.

Kuku nilimkata vipande vyembamba, nikampaka wanga wa mahindi. Karai likawekwa kwenye moto mpaka likatoa moshi. Mkwe alikimbilia dirisha.

"Mama, nyumba inaungua!"

"Haiungui. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kunusa chakula."

Saumu, tangawizi, kuku, mayai, kabichi, karoti, kisha tambi, na ile sosi kidogo pembeni ya karai ili ichemke kabla ya kushuka. Dakika nne, kwisha. Mkwe alikuwa bado anatafuta kalamu.

Sindano alikula sahani mbili. "Bibi, ndizo zenyewe! Zile za kwenye boksi ulizokuwa ukiniletea kutoka kazini!" Hata mama yake aliongeza, kisha akaandika kwenye daftari: moto mkali sana. Kichwa kilinivimba nikashindwa kukificha. Mtoto alisimama kufuta vyombo bila kutumwa, akapangusa mpaka mpini wa karai, nami nikakaa kwenye kiti nikihesabu siku za likizo.

Saa tisa alianza kutapika.

Alitapika mpaka kukabaki nyongo, amekunja magoti, amekuwa rangi ya majivu. Mkwe alimshika paji la uso huku akihesabu kwa sauti ya chini. "Tambi nimesoma. Sosi nimesoma. Wanga nimesoma. Mayai, kuku..." Akafika mwisho wa hesabu yake, akageuka akanitazama. Mimi nikatazama ukuta.

"Nilikula biskuti," Sindano akasema kutoka kitandani. "Asubuhi, kwa jirani."

Mkwe alimfuta mdomo. Kisha akasema, taratibu, bila kugomba, "Basi likizo hakuna. Kama ninapokuwepo unaniibia, kwa Bibi itakuwaje? Huendi." Akatoka kwenda kuchemsha maji.

Mtoto alingoja nyayo za mama yake zifike jikoni, ndipo akakunjua ngumi yake. Kiganjani kulikuwa na kipande cha tambi, kikavu, cha manjano, urefu wa ukucha.

"Kilikuwa kwenye karai, Bibi. Pale penye misumari ya mpini. Nilikitoa Mama asikione, asije akakuchukia."

Niliitambua tambi hiyo. Ni ya ngano, nene, tunayokaanga Ijumaa. Na penye kipande kimoja kwenye msumari, ndani ya ule weusi kulikuwa na nini? Maishani nimewadharau watu wengi, na nimefurahia kila mmoja: bosi, wateja, mwenye mizani. Sikuwahi kumwona mtu wa hovyo kama huyu aliyekaa pembeni ya kitanda, anayefichiwa aibu na mtoto anayetapika.

Nilikichukua kile kipande nikaenda nacho jikoni. Mkwe alikuwa amesimama mbele ya birika, mgongo kwangu. Nikakiweka juu ya mizani yake. Ilisoma sifuri.

"Hakuna biskuti," nikamwambia. "Hii ilikuwa kwenye karai langu. Mtoto alikuwa ananifichia aibu."

Alikitazama kipande, akazitazama zile sifuri, akanitazama. Nilitaka anitukane. Ningejua la kujibu.

"Mama," akasema.

Akafungua kabati chini ya sinki, akatoa steliwaya na sabuni, akaviweka kando ya karai langu. Kisha akachukua kikombe cha maji akaenda kwa mwanawe, na kupitia mlango nilimsikia akimwomba msamaha. Mimi ndiye niliyekuwa na deni la msamaha, yeye ndiye aliyeuomba. Likizo hakuitaja, wala mimi sikuuliza.

Nikafungua maji, nikamimina sabuni, nikaanza na mpini.