Turubai la Bwana Mipango

Mimi ni mtu wa Rungwe. Kwetu mvua haibishi hodi, na mtoto hufundishwa kufunika kilichoanikwa kabla hajajua kusoma. Nalisema hili mapema kwa sababu nimechoka kuulizwa siku ile nilikuwa na akili gani.

Huu ni mwaka wa tatu niko Newala, afisa mipango. Kazi yangu kubwa ni kuzunguka vijijini kwa pikipiki nikieleza mpango wa muda mrefu wa taifa: kwamba lami, umeme na maji si mapambo, vimeletwa ili korosho zetu zisiondoke tena na maganda yake zikabanguliwe ng'ambo na vijana wa watu wengine, huku wetu wakishinda vijiweni. Naeleza kwa moto, na mtu akinikatiza nakasirika. Mama Alfredi wa kimojawapo cha vijiji hivyo, ambaye jina lake hasa ni Veridiana, alinisikiliza mara moja tu. Akasema maneno yametosha, akakusanya wanawake kumi na wawili, wakaanza kubangua uani kwake.

Mwaka huu serikali ilijenga jengo la kubangulia, lenye umeme na tanuri kubwa, na vikundi vitatu vikaliomba. Theodora, mkaguzi kutoka Dar es Salaam, angepita Jumatano adhuhuri kutazama korosho za kila kikundi. Alitaka punje nzima, nyeupe. Zikivunjika au kuingia madoa, jengo linakwenda kwa wengine.

Jumatatu alasiri nilipita kwa Mama Alfredi. Wanawake walikuwa wamekwisha kuchemsha korosho zao kwa mvuke, wamezitandaza kwenye mikeka zipoe na kukauka, kisha wakaenda kuzika kijiji cha pili. Nikatazama juu. Wingu moja, jeusi kidogo, lilikuwa limesimama upande wa Masasi. Nilifungua turubai langu la pikipiki nikazifunika vizuri, nikakandamiza pembe zote kwa mawe, hata hewa isipenye. Nikaondoka nimejipenda.

Mvua yenyewe haikunyesha. Jumanne asubuhi nilikuta turubai limefunuliwa na wanawake wameizunguka mikeka. Korosho zilikuwa zimetoa jasho na kuvunda. Mama Alfredi alivunja moja akanionyesha punje: laini, ina madoa ya kijivu. Hakuna aliyenifokea, na heri wangenifokea. Mavuno yote ya kijiji yalikuwa yamekwisha kupelekwa chama cha msingi cha ushirika kwa ajili ya mnada. Majumbani hakukubaki kitu cha kujaza hata debe.

Bimdogo, bibi wa nyumba ya jirani, alikuwa akitutazama toka uani kwake. Aliingia ndani, na baada ya muda akaja na mkwewe akisukuma baiskeli yenye gunia zima la korosho. Gunia lile kijiji kizima kilikuwa kikilijua. Alizichagua korosho zake moja moja kwa ajili ya mjukuu wake Haji, anayetoka jandoni Desemba, ili zikaangwe na kila atakayekuja kucheza ngoma aondoke na za kwake.

"Chemsheni," alisema.

Mama Alfredi alikataa. Akasema sherehe ya mtoto haiguswi, hata iweje. Bimdogo akaketi chini palepale, akasema haondoki mpaka aone moshi.

Tukawasha moto. Mimi nilibeba maji na kuchanja kuni. Nikajaribu na kubangua, nikavunja nyingi kiasi kwamba nilirudishwa kwenye kuni kwa heshima zote, vidole vikiniwaka kwa mafuta ya maganda. Jumatano saa tano punje zilikuwa zimekwisha kutoka kwenye tanuri dogo na kumenywa ngozi, zimejaa mabeseni mawili.

Theodora alizitazama kwa muda mrefu. Alizipima, akauma moja, akasema ni nzuri. Hapo roho yangu ikatulia, lakini Mama Alfredi akaenda nyuma ya nyumba akarudi na ungo wa zile zilizovunda, akauweka mbele yake. Alimweleza wazi kwamba hizi ndizo walizoziandaa wao, na zile nzuri wamepewa na jirani jana. Theodora akauliza nani aliyeziharibu. Nikasimama.

"Ni mtoto wetu huyu," Mama Alfredi alisema kabla sijafungua mdomo. "Kwao mvua hainyamazi, akatuhofia."

Niliinama kama natafuta kitu mchangani, maana machozi yalikuwa yamefika.

Theodora aliandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akasema jengo ni lao. Kikundi kinachomwonyesha mkaguzi korosho mbovu bila kuulizwa, alisema, ndicho anachoweza kukiachia tanuri naye akalala usingizi.

Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilikwenda kwa Bimdogo, nikamkuta anamenya mihogo ya kuanika makopa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nilimwambia naona aibu, nikamuuliza wageni wa Haji watakula nini.

"Watakula muhogo, na ngoma watacheza." Akamenya mwingine. "Babake Haji alipotoka jandoni tulikula korosho siku tatu. Alipokuwa mkubwa akaenda Dar kutafuta kazi. Ni mwaka wa kumi na moja huu, hajarudi kukaa. Huyu mdogo nataka akae."

Miaka mitatu nimeuhubiri ule mpango vijiji vyote hivi, na mwenye mpango alikuwa ameketi hapa akimenya muhogo. Nilimwambia asante. Nikachukua kisu cha pili, nikaketi kumsaidia.